Mpigaji Ambaye Hakuna Aliyetaka Kumtoa

Binti wa dada yangu, Peleiupu, alikuwa na kipaji cha michezo miwili, na vipaji hivyo viliutesa ukoo mzima. Katikati ya wiki alicheza netiboli mjini. Siku nyingine aliichezea Vailoto, kijiji chetu, kriketi ya Kisamoa, ile ya gongo lenye pande tatu na timu ya yeyote aliyepo. Mimi nilikuwa mpiga filimbi: naongoza nyimbo, nakata kiuno, nawazomea wageni. Kazi hiyo hakuna anayeniweza, na anayebisha aje.

Kanuni zetu hazina kitabu, lakini mbili kila mtoto anazijua. Mpigaji haachi gongo mpaka atolewe: mpira wake udakwe, au vijiti vilivyosimamishwa nyuma yake viangushwe. Na kijiji mwenyeji kikiishiwa chakula, kimeshindwa, hata kama kinaongoza kwa pointi mia.

Mwaka ule tuliwakaribisha wanawake wa kijiji cha Matauli. Mpishi mkuu alikuwa dada yangu Fuatino, mama yake Peleiupu. Kwa miaka thelathini hakuna mgeni aliyewahi kuona sahani tupu mbele ya Fuatino. Wengine wana vyeo vya ukoo. Yeye alikuwa na jiko.

Peleiupu, mpigaji wetu wa mwisho, aliingia Alhamisi asubuhi. Jumamosi saa nane mchana basi lingeondoka kwenda mji mkuu, Apia, ambako walikuwa wanachagua timu ya taifa ya netiboli. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na walishamwambia akikosa safari hii hawatamwita tena. Tukasema, ah, siku mbili ni nyingi, atatolewa tu.

Hakutolewa. Matauli walikuwa wameshaonja nguruwe wa Fuatino na majani yake ya magimbi kwa tui zito. Wakafikiri: huyu akitoka, mchezo umekwisha; mchezo ukiisha, tunarudi kwetu kula mkate na chai.

Jumamosi asubuhi Peleiupu akaanza kujitoa mwenyewe. Aliupiga mpira polepole ukamfuata nahodha wao, Makerita, mpaka kifuani. Makerita akautazama ukidondoka.

"Daka basi, mama!"

"Nidake kwa mkono gani?" Makerita akainua mikono yote miwili: huku paja la nguruwe, huku gimbi. "Piga, mwanangu. Unapiga vizuri mno."

Peleiupu akaviangusha vijiti vyake mwenyewe kwa gongo. Mwamuzi, mdomo umejaa, akasema ni upepo. Upepo gani? Hata nguo kwenye kamba zilikuwa zimelala.

Saa saba na nusu basi likapiga honi barabarani. Pointi zilikuwa mia tisa na kitu, na sauti ilikuwa imenikauka.

"Mama mdogo, fanya kitu," Peleiupu akanililia.

"Nifanye nini? Litupe hilo gongo, uende!"

"Nikilitupa, kesho mama atauweka wapi uso wake kanisani?"

Nilikasirika. Nikaenda jikoni, nikamwambia dada yangu yote. Alinisikiliza huku akiwafunika nguruwe watatu juu ya mawe ya moto, nguruwe niliowabeba mimi mwenyewe asubuhi ile. Alijifuta mikono, akatembea mpaka katikati ya uwanja, upawa mkononi.

"Chakula kimekwisha," akasema.

Nyuma yake moshi ulikuwa unapanda, na harufu ya nguruwe imetufikia sote.

"Kimekwisha?" Makerita akauliza. "Na ule moshi, dada?"

"Nachoma mawe."

"Mawe?"

"Mawe. Utakula?"

Nikapuliza filimbi, mchezo ukaisha. Tulishindwa tukiwa tunaongoza. Peleiupu akaangusha gongo, akalikimbilia basi miguu mitupu.

Walimchagua. Alicheza timu ya taifa miaka kumi na moja. Na kwa miaka hiyo kumi na moja dada yangu aliitwa Mama Choma-Mawe, hata na watoto wa shule ya Jumapili. Kila wageni walipokuja, kina mama wa kamati ya kijiji walimpeleka kuosha sahani. Aliziosha. Nguruwe wale hakuwataja kwa mtu, na sisi tuliowala kimyakimya wiki nzima hatukuwataja pia. Naona haya mpaka leo.

Kisha Peleiupu akaagana na netiboli, akarudi na jezi moja na magoti mabovu. Kijiji kilimwandalia hotuba. Hakuitaka.

"Waiteni Matauli," akasema. "Na mama ndiye apike."

Walikuja watu sitini. Peleiupu akashika gongo Alhamisi. Walikula Ijumaa, walikula Jumamosi, Jumapili wakala baada ya ibada. Jumatatu mchana Peleiupu aliupiga mpira polepole, na Makerita, sasa mvi tupu, akaudaka kwa mikono miwili isiyo na kitu.

"Basi," akasema, akakaa chini. "Fuatino, tumeshindwa kula."

Dada yangu akasimama na upawa wake, akauliza kama yupo ambaye hajashiba. Hakuna aliyeinua sahani. Akarudi jikoni, nami nikamfuata, nikamkuta analia.

"Ni moshi tu," akasema.

Mawe yalikuwa yamepoa tangu asubuhi.