Maji ya Jumamosi

Gari lenyewe lilikuwa Morisi dogo jeusi la kabla ya vita, na kaka yangu Yoeli alilileta nyumbani likivutwa na maksai. Mzungu aliyekuwa nalo alikuwa anarudi kwao. Lilikuwa limelala bandani kwake miaka yote ya vita, kuku wakitagia kiti cha nyuma, na siku anafunga masanduku yake alimwambia Yoeli alichukue, na likimshinda alifanye banda.

Mama alitoka jikoni akijikongoja, akalizunguka taratibu, mikono nyuma kama karani wa kodi.

"Yoeli, mwanangu, umeleta nini?"

"Gari, Mama."

"Gari hutembea. Hili limetembezwa."

"Litatembea."

"Basi waambie hao ng'ombe wasiende mbali."

Nyumba yetu ilikuwa juu ya Mjimwema, Njombe, kwenye mgongo wa kilima. Babu aliufungua mgongo ule kwa jembe kabla Mjerumani hajaja kutuchomea maghala, na yeye na baba yetu wamelala nyuma ya nyumba, upande wa machweo. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue tulikuwa wapi, maana baadaye ilisemwa kwamba hatukuwa popote.

Yoeli alijifunza ufundi Burma. Serikali ilimchukua na jembe mkononi, ikamfundisha kuendesha lori na kulifungua kwenye tope huku anapigwa risasi, kisha ikamrudisha na blanketi moja. Hakuwa mtu wa kunyamaza juu ya jambo hilo. Kila nati aliyofungua ilikuwa na hadithi ya Burma, na mkewe Esteria alizijua zote, akawa anamalizia.

"Siku moja mvua inanyesha," Yoeli anaanza.

"Na kapteni analia," Esteria anamaliza. "Endelea kufungua, baba."

Alianza na umeme. Akachomoa plagi, akailaza juu ya chuma cha injini, mimi nikazungusha hendeli. Hakuna cheche. Akafungua platini, vile vyuma viwili vya kuzalisha cheche, akakuta ncha zake zimeota ukungu wa kijani, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Nikazungusha tena, cheche ikaruka, ya buluu, na Esteria akaruka nayo. Ikaja zamu ya petroli. Pampu ya gari lile ilikuwa ya umeme, ilipaswa kugonga tik, tik, tik ikivuta. Ilikuwa kimya kama imesusa. Yoeli akaipiga kwa mpini wa bisibisi, akaitukana Kibena, halafu Kiingereza cha jeshini, ikaamka. Rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, ilivuja kama chungio, akaiziba kwa risasi aliyoiyeyusha kwenye kijiko cha Mama. Kijiko hakikurudi jikoni.

Gari likawaka. Likaenda mpaka kwenye mti wa mparachichi, likakohoa, likafa. Ukiliacha lipumzike linawaka tena, linafika palepale, linakufa. Yoeli alifungua kabureta, akaifunga. Akafungua mipira yote, akaipuliza mpaka macho yakamtoka. Alianza kulala vibaya na kumjibu mkewe vibaya. Siku moja Mama ameketi kizingitini, anamimina togwa kutoka kwenye kibuyu, togwa linakwama kwa sababu mdomo ni mwembamba, anainua kibuyu kipate hewa, linatoka. Akatazama gari.

"Hilo tangi lako linapumulia wapi?"

"Mama, gari halipumui."

"Fungua kifuniko."

Yoeli akafungua kwa hasira, ili amwonyeshe. Tangi likavuta pumzi, fwiii, kama mtu aliyezamishwa majini. Kifuniko kilikuwa na tundu dogo la hewa, na nyigu walikuwa wamelijengea nyumba ya udongo. Yoeli akalizibua kwa sindano. Siku ile, katikati ya wiki, gari lilikwenda mpaka kanisani na kurudi, na kabla ya jua kuzama Yoeli alikuwa anawaeleza majirani kwamba yeye alishaanza kulishuku tundu lile.

Tulikuwa na furaha. Naiandika furaha hiyo kwa kuwa ilikuwepo.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, jioni, akaja jumbe wetu, Agustino. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa misheni, mtu mwenye adabu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba alikuwa jumbe.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene," tukaitikia.

Hakukaa. Alisema mgongo wetu utapandwa miwati, ile miti inayochunwa magome ya kulainishia ngozi. Shamba kubwa la Wazungu lililokuwa ng'ambo ya bonde limeomba ardhi zaidi, na Bwana Shauri, mkubwa wetu wa serikali, ameona kwamba huku kwetu ni pori lisilo na mwenyewe. Mwenye neno afike Makambako Jumatatu kabla ya saa sita mchana, alitoe kwa mdomo wake. Awe mtu aliyeiona mipaka ikiwekwa, kwa macho yake. Hadithi za kusimuliwa na baba hazitakubaliwa.

"Makambako?" nikauliza. "Bwana Shauri si yuko hapahapa Njombe? Jana nimemwona anakunywa chai barazani kwa meneja wa miwati."

"Alikuwepo."

"Kwa nini asitusikilize hapa?"

"Anapita Makambako akirudi Iringa. Ndiko atakapoweka meza."

"Kwa hiyo amekuja mpaka mlangoni petu kula keki ya mwenye kuomba ardhi, halafu mwenye ardhi amfuate siku nzima ya njia?"

"Enoki," jumbe akasema, "mimi nimetumwa kusema. Sikutumwa kujibu."

Aliyeiona mipaka ikiwekwa alibaki mmoja duniani, naye ni Mama. Aliletwa pale bi harusi, akamkuta baba mkwe wake na wazee wa jirani wanapima mgongo na kuchimbia mawe, yeye akiwabebea uji. Wengine wote wamekufa. Na Mama nyonga yake ilikuwa imevunjika alipoteleza kisimani, ikaunga vibaya, hakuweza kutoka nje ya ua bila kushikwa. Basi la abiria lilikuwa halipiti mpaka katikati ya wiki. Tulimtazama Yoeli, na Yoeli akalitazama gari.

"Litafika," akasema. "Nimeshaendesha mabovu kuliko hili."

"Twende kesho," nikasema. "Tulale huko."

Kesho yake haikuwezekana, tairi la mbele lilikuwa halijazibwa na petroli haijapatikana. "Basi Jumapili," nikasema. Mama akaniangalia kama nimetapika mezani.

Nyumba ile ilikuwa ya Kilutheri kwelikweli. Jumapili shoka halikuguswa, jembe halikuguswa, wala hakuna aliyeshika ndoo kwenda kisimani. Mama alilelewa na wamisionari waliomfundisha kwamba Siku ya Bwana haichotwi maji, na alikuwa ameishika kuliko wao wenyewe. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni kwetu ilikuwa jioni ya kujaza: mitungi, sufuria, beseni la kuku. Jumamosi ile tulijaza na gari. Esteria na mimi tulipanda na ndoo kutoka kisimani, Yoeli akamimina ndani ya rejeta mpaka maji yakasimama shingoni, akafunga. Mafuta tayari, petroli tayari, tairi limezibwa. Jumatatu alfajiri ingekuwa kuzungusha hendeli tu na kwenda.

Mama akatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, upepo umekufa.

"Sakitu itashuka," akasema. "Funikeni miche."

Mtu wa Njombe haelezwi sakitu, ile baridi inayogandisha umande. Tunajua usiku wake unavyonukia, tunajua inavyochoma viazi vikaamka vyeusi. Tukakata majani, tukafunika miche ya kabichi. Mama akasema na gari lifunikwe, na Yoeli, kwa heshima yote, akatandika blanketi lake la jeshi juu ya boneti, na juu ya blanketi majani makavu, kama mche. Tulijisifu kwa uangalifu huo. Burma gari liliuawa na joto, na kwetu sakitu iliua majani. Nani aliwahi kuona baridi ikiua chuma?

Jumapili nyasi zilikuwa nyeupe mpaka bondeni. Kwenye beseni la kuku maji yalikuwa yamegeuka kioo. Mama alilipiga beseni kwa fimbo, kioo kikatoka kizima chenye umbo la beseni, na beseni lenyewe, la bati, lilikuwa limefura tumbo. Tukacheka. Tukaenda kanisani tukaombea viazi. Usiku wake ikashuka tena.

Jumatatu Mama alivaa nguo yake ya meza ya Bwana na shali nyeusi. Tukamwinua tukamweka kiti cha mbele. Yoeli akazungusha, gari likawaka mara ya pili, na Esteria akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Mama alikuwa akirudia maneno yake chinichini: jiwe la kwanza lilipo, jiwe la pili lilipo, nani alilichimbia, nani alisimama shahidi.

Tuliuvuka mji wa Njombe. Kwenye mteremko wa pili nikaona mvuke.

"Ni baridi tu," Yoeli akasema.

"Yoeli, ni mvuke."

Akasimamisha. Akafungua boneti, akainama, na hadithi ya Burma haikuja. Kwa Yoeli hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya. Maji yalikuwa yanatoka ubavuni mwa injini, si kwenye mpira, si kwenye rejeta, kwenye chuma chenyewe. Alipitisha kidole, akanionyesha ufa mrefu kama mchoro wa ukucha juu ya siagi.

"Paka sabuni," nikasema.

Alipaka sabuni. Alifunga kwa kitambaa cha Mama. Nilichota maji mtaroni kwa kofia, tukamimina, yakatoka palepale, mekundu kwa kutu. Halafu akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, na mafuta yalikuwa yamechanganyika na maji, meupe, mazito, kama maziwa mgando. Akakifuta kijiti, akakirudisha vizuri mahali pake, akaketi chini barabarani.

"Yamelala ndani," akasema. "Maji yamevimba humo ndani, kama kwenye beseni. Nimelifunika blanketi juu, na tumboni limejaa barafu."

"Litengenezwe," Mama akasema kutoka ndani.

"Hili halitengenezwi, Mama."

"Mzungu alifanyaje? Baridi ni hiihii."

"Sijui. Labda alikuwa akiyamwaga kila jioni. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza."

Jua lilikuwa limeshapanda. Lori lililotokea lilikuwa la shamba la miwati lilelile, na dereva wake alikuwa Hilari, tuliyemjua tangu utoto. Alisimama, akachungulia.

"Walutheri mmeishiwa maombi?"

"Hilari, mchukue Mama Makambako," nikasema. "Sasa hivi."

Uso ukambadilika. Alijua ni Jumatatu gani.

"Enoki, hili ni lori lao. Mtu akimwona mama yenu humu, leo, kesho nachunga mbuzi."

"Basi utachunga mbuzi kwenye ardhi ya nani?"

"Usinihutubie, bwana. Kila siku unatuhutubia." Akatema mate, akamtazama Mama, ambaye alikuwa anamtazama yeye. "Shikamoo, Mama. Mpandisheni. Lakini nina magunia ya kushusha njiani, nayo siwezi kuyaacha."

Aliyashusha. Sisi tuliyashusha pamoja naye, tukikimbia, na msimamizi aliyeyapokea akayahesabu moja moja, akakosea, akaanza upya. Mlima mmoja lori lilipanda polepole mpaka watu waendao kwa miguu walitupita wakitusalimu. Tulipofika Lyamkena, karibu kabisa na Makambako, vivuli vilikuwa vimeshahamia upande wa pili.

Makambako, mbele ya nyumba ya wageni ya serikali, palikuwa na meza tupu na kiti, na tarishi mmoja mwenye ufagio.

"Bwana Shauri?"

"Ameondoka."

"Alingoja?"

"Alingoja mpaka amalize sigara. Akasema, basi, hakuna mtu."

Yoeli alitaka kumrudisha Mama kwenye lori. Mama akakataa. Akaomba awekwe mbele ya meza, tukamweka, tumemshika huku na huku. Akatoa ushuhuda wake wote: jiwe la kwanza, jiwe la pili, majina ya wazee, uji aliowabebea na kibuyu kilichobeba uji huo.

"Bibi," tarishi akasema, "mimi nafagia tu."

"Basi acha kufagia, unisikilize."

Akaacha. Alisimama na ufagio wake mpaka mwisho.

"Nimesikia, Bibi."

"Utamwambia?"

"Hapana."

"Asante kwa kutonidanganya."

Mama hakurudi Njombe. Alituambia tumpeleke Kitandililo kwa mdogo wake Yunisi. "Nirudi wapi?" akasema. "Kwa hakuna mtu?" Hilari aliachishwa kazi kabla ya Jumapili. Vigingi vilipigwa kupita katikati ya ua wetu, na Yoeli na Esteria wakahamia bondeni kwenye unyevu, ambako mtoto wao wa kwanza hakufika mwaka. Bwana Shauri alipandishwa cheo. Mimi nimekwenda kwenye kila mkutano tangu hapo na nimelisema hili kwenye kila mkutano, na watu hupiga makofi, kisha tunakwenda nyumbani, wenye nyumba.

Yunisi aliponiita mara ya mwisho, Mama alikuwa hali chakula tena. Yoeli alikuwa amenisihi nimwambie makaburi yanapaliliwa. Mama akaniuliza mwenyewe, macho yamefumbwa.

"Miti imefika wapi?"

"Kifuani, Mama."

"Na nyuma ya nyumba?"

"Na nyuma ya nyumba."

Yunisi akamlowesha midomo.

"Watakapokuja kuikata," akasema, "waambie wasing'oe visiki upande wa machweo. Baba yako hakuchimbiwa chini sana. Mwaka ule ardhi ilikuwa ngumu."

Niliwaambia. Walichosema ni kwamba visiki vyote hung'olewa.