Siku Thelathini na Tano

"Leo ni ishirini na moja!" Waithera alitokea na ndoo tupu mkononi, hata hodi hakupiga. "Naliaka! Toa hiyo takataka yako."

Naliaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, akimwekea bata wake mahindi. Alimsikia vizuri, akajitia kiziwi. Ndani ya tairi kuukuu lililojazwa vumbi la mbao, bata alijitandaza, akavimba, akavifokea viatu vya Waithera, mwenye ploti. Haki ya Mungu, asubuhi hiyo wote watatu walikuwa na hasira, na bata ndiye aliyekuwa na adabu zaidi.

Ugomvi ulianza wiki tatu nyuma. Bata alianza kujinyofoa manyoya ya kifua. Chakula akakisahau. Mara moja tu kwa siku angetoka kwenye tairi, anywe maji mbio mbio, aachie kinyesi kimoja kikubwa kilichonuka ploti nzima, kisha huyoo, karudi. Ukimsogelea, anakuuma. Waithera, au Mama Kuria kama wapangaji walivyomwita, aliyefuga kuku hapa Mutuini tangu nyumba za kupangisha hazijajengwa, akatangaza kwamba huo ni ugonjwa, bata achinjwe kabla hajaambukiza kuku wake.

Naliaka alicheka mbele ya wapangaji wote. "Mgonjwa gani anageuza mayai na mdomo, moja moja? Anataka kulalia, Mama Kuria. Hayo manyoya anatandikia watoto."

Kicheko kile ndicho ambacho hakikusameheka. Waithera alikwenda moja kwa moja kwenye kalenda yake ya kanisa, akahesabu siku ishirini na moja za kuku, akazungushia tarehe wino mwekundu. Ikifika bila vifaranga, mayai yanaingia chooni na bata anatoka kwenye ploti, na mwenyewe akipenda amfuate.

"Ni thelathini na tano," Naliaka alisema sasa, akisimama. "Nimekuambia mpaka nimechoka."

"Thelathini na tano ya wapi? Ya huko kwenu Bungoma? Mimi nimetotolesha kuku kabla wewe hujazaliwa!"

"Kuku ni kuku. Hii ni bata ya uso mwekundu, hukaa wiki tano."

Wapangaji waliacha nguo kwenye karai, wakasogea. Naliaka aliingiza mkono chini ya bata, akaumwa, akatoa yai moja kati ya yale kumi na mawili. Akamvuta Waithera ndani ya chumba chake, akafunga pazia, akaliweka yai juu ya tochi ya simu. Lilikuwa jeusi tii, ila mwanga kidogo upande wake butu.

"Umeona? Amejaa. Huyo ni mtoto."

"Hata yai viza huwa jeusi." Waithera alitoka nje, akapaza sauti ili wote wasikie. "Ni viza! Bata inafanana na mwenyewe. Miaka kumi kwa hii ploti, na bado tunamwita Naliaka!"

Hapo hata Mama Lenox, anayependa umbea kuliko chai, aliangalia chini. Katika ploti ile kila mwanamke ni Mama fulani. Naliaka alisikia masikio yakiwaka moto. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka katika chumba hicho hicho, na hakumwambia mtu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulirudisha yai na kunyamaza. Lakini nani anaweza kunyamaza ametukanwa hivyo?

"Unataka kuona? Basi angalia."

Akatoka nalo, akaligonga kwenye ukingo wa tangi.

Harufu haikutoka. Katika kiganja chake kulikuwa na kifaranga kilicholowa, kimeanza kuota manyoya, macho makubwa yamefumbwa, na mishipa ya damu ikikishikilia kwenye ganda. Kifuani moyo ulikuwa unadunda.

"Yawa!" Mama Lenox alijishika kinywa. "Kiko hai!"

Waithera aliweka ndoo chini. "Ngai," alisema. Kisha uso ukakaza tena. "Na mbona umevunja? Nani alikuambia uvunje?"

"Wewe."

"Mimi sijasema uvunje. Wewe ndiye umeua." Aliichukua ndoo yake. "Hizo zingine zikae. Wiki mbili, si ndiyo? Nitahesabu."

Akaenda zake. Wapangaji nao wakarudi kwenye karai mmoja mmoja. Naliaka alikuwa ameshinda, kila mtu aliona. Bata alijisogeza juu ya mayai kumi na moja, akayapanga upya kwa mdomo.

Naliaka alibaki amesimama na kiganja wazi. Kamguu kenye utando kalijinyoosha taratibu, kakagusa kidole gumba chake. Alikiinamia kile kifaranga, akakipulizia pumzi ya joto, akangoja, akapuliza tena.