Majani ya Ng'ombe, Saa Kumi Jioni

Rogath alikuwa amewafundisha soka vijana wa kiume miaka mingi kijijini kwake, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Kwa Sadala, na sifa yake ilikuwa ukali. Kata ilipotangaza mashindano ya wanawake, akaombwa awafundishe kinamama. Akakubali. Mkewe, Theodora, akawa golikipa.

Shida ilikuwa saa. Mazoezi yalianza saa kumi jioni, lakini wachezaji walifika mmoja mmoja, wakihema, majani yamewanasa kwenye kanga. Rogath hakutaka kusikia sababu. Aliyechelewa aliuzunguka uwanja mbio, hata kama ni mkewe.

"Mbona vijana wangu wanawahi?" aliwauliza.

"Kwani ng'ombe wa kwao anakatiwa majani na nani, kocha?" alijibu Priska, mdogo kuliko wote na asiyejua kumeza neno.

Wenzake wakacheka. Rogath akamwongezea mizunguko.

Siku moja Theodora aliruka kudaka mpira, akatua vibaya. Kifundo cha mguu kikavimba. Zahanati walimfunga bandeji, wakamkataza kuukanyagia.

Kesho yake mchana ng'ombe akaanza kulia bandani. Rogath alimtazama mkewe, aliyekaa kwenye kochi mguu ukiwa juu ya mto.

"Usinitazame mimi, Baba Zita," Theodora alisema taratibu. "Mundu uko nyuma ya mlango."

Kihambani, shamba la kuzunguka nyumba, kulikuwa na migomba na kahawa tu. Majani ya kutosha yalipatikana tambarare. Rogath akashuka. Alikata jua likimchoma shingo, akafunga mzigo, ukamfungukia njiani, akaufunga upya. Kisha kikaanza kilima. Wanawake walimpita na mizigo mikubwa kuliko wake.

"Pole, kocha," walisema, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alipomaliza kulisha na kukamua, jua lilikuwa limekwisha kuinama. Uwanjani aliwakuta wamekaa, njumu miguuni, wakimsubiri.

Priska akasimama. "Shikamoo, kocha. Leo umechelewa."

"Marahaba. Nilikuwa..." Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia kumalizia. Basi akavua sweta, akaanza kuuzunguka uwanja, mgongo ukimuuma. Mzunguko wa pili Winfrida, mjane wa makamo aliyecheza beki, aliinuka akakimbia sambamba naye. Kisha wengine.

Usiku ule Rogath alimkanda mkewe mguu kwa maji ya moto.

"Miaka yote hii," alisema, "hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulidhani nalalamika."

Jumapili, baada ya misa, aliwasimamisha wanaume nje ya kanisa. "Siku za mazoezi, majani ni kazi yetu," aliwaambia. "Wake zetu wakifika uwanjani wamechoka, tunamlaumu nani?"

"Huyu kalishwa limbwata na mkewe," alisema Ebenezeri, jirani yake, na kicheko kikazagaa. Wengi waliondoka. Waliobaki walikuwa wachache, mmoja wao ana pikipiki. Wakagawana zamu. Haikuwa kila siku, na wapo waliosahau kwa makusudi, lakini sasa mazoezi yalianza jua likiwa bado juu.

Mashindano yalifanyika Sanya Juu. Walishinda mechi moja, wakafungwa ya pili, wakatolewa. Theodora, mguu umepona, alidaka penalti moja na kufungwa mabao matatu, na safari nzima ya kurudi alisimulia ile penalti tu. Waliimba hadi sauti zikakauka.

Wiki iliyofuata alifika uwanjani mwanamke mgeni kwenye timu, Elifuraha, mke wa seremala. Mumewe alikuwa nyuma yake, kambeba mtoto.

"Anasema anajua kukimbia," mwanamume alisema, kama anayeomba radhi.

"Na mtoto?" Rogath aliuliza.

"Ninaye mimi."

Akakaa kwenye jiwe pembeni. Rogath akamsogezea Elifuraha mpira. Aliupiga kwa nguvu zote. Ukapaa juu ya goli, ukatua kwenye mibuni ya watu. Timu nzima ikaingia kuutafuta, ikicheka, na Elifuraha akiwa mbele.