Kanda Iliyosema Tayari

Wakhisi nilimtafutia kazi mimi. Nilimwombea kwa Bwana Mureithi, meneja wa ushirika wetu wa miwa hapa Kisumu, na tangu hapo akawa anakula ugali mezani kwangu kama ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliujua msemo huo, ila sikujikagua.

Mwaka 1978 ushirika ulinunua kompyuta. Kila kifaa kilihitaji programu yake ndogo ya kukiendesha. Mimi niliandika ya printa, Wakhisi akaandika ya kanda ya sumaku iliyohifadhi orodha za wakulima. Printa huchapa kinachosomwa kwenye kanda, kwa hiyo tukapatana: yangu ingoje mpaka yake iseme iko tayari, na yake isiseme hivyo kabla kanda haijaanza kusomwa. Kusema mapema ni kuwaita wageni mezani maji ya ugali hayajachemka.

Bwana Mureithi alitaka mashine iamke haraka, na mmoja wetu angefanywa msimamizi wa chumba cha kompyuta. Nilikitaka cheo kile, sifichi. Kwenye majaribio nikaona kanda inajibu "tayari" kabla hata haijazunguka.

"Nitarekebisha, Dada Nabalayo," Wakhisi alisema. Kesho yake akaja: "Nimerekebisha. Haki ya Mungu!"

Kadi zilizotobolewa za programu yake zilikuwa mezani. Sikuzipitia. Kwetu, kumkagua mtu uliyemleta mwenyewe ni kumtukana.

Siku ya kuonyesha kazi, wakulima kutoka Awasi walijaa mlangoni wakingoja kujua zamu zao za kukata miwa. Mashine iliamka upesi, Bwana Mureithi akatabasamu. Kisha printa ikatema karatasi nyeupe, tupu, moja baada ya nyingine. Mzee mmoja aliigeuza yake, akatafuta maandishi upande wa nyuma.

"Hii printa ni ya nani?" meneja akauliza.

"Yangu, Bwana. Lakini imeambiwa kanda iko tayari."

Akamgeukia Wakhisi. "Kanda yako ilikuwa tayari?"

Nilimtazama Wakhisi.

"Ilikuwa tayari kabisa, Bwana," alijibu, haraka vilevile kama programu yake. "Shida iko kwa printa ya Dada."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Wakhisi ilifika mpaka kiti cha msimamizi, na jioni ile ile akaja kwangu kula, kama kawaida.

"Chakula kiko tayari, Bwana Msimamizi," nikamwambia, nikamwekea sahani tupu.