Kona ya Wageni

"Ukipanda kwenye kona ile, Jumatatu usilete sufuria zako kwangu," alisema Bosi Villarba. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa chumba cha wageni, tumbo likiwa limeuziba kama pazia.

Soling aliendelea na kazi yake. Alikuwa ameinamia meza, akiviringisha pamba kwenye vijiti, kimoja baada ya kingine. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alizuia damu kwenye kona ya mabondia wa Villarba, mpaka kamera za televisheni zilipoanza kuja mjini Mandaue na bosi akaona kwamba mwanamke mwenye aproni pembeni mwa ulingo anaifanya jimu yake ionekane ya kimaskini. Tangu hapo alikuwa akiwapikia tu wali na mchuzi wa samaki, pale pale uani.

Alfajiri ya siku ile, mzuia damu wa bondia wa Meksiko alikimbizwa hospitali, kidole-tumbo kikitaka kupasuka. Kufikia saa nne, Villarba alikwisha kuwapigia simu wanaume wote wa kisiwa cha Cebu wanaoijua kazi hiyo, akawaomba wawe na shughuli nyingine. Wote wakawa na shughuli. Hakufikiria kumpigia simu mpishi wake.

"Renante ni wa kwetu," Villarba alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe ulimfunga vidonda akiwa bado bondia chipukizi wa raundi nne. Unataka Mmeksiko amnyang'anye mkanda hapa hapa nyumbani?"

"Kama anaweza, amnyang'anye. Nipishe, Bosi. Nimeshanawa mikono."

Don Herminio, kocha wa wageni, alikuwa mzee mfupi kutoka Los Mochis, Meksiko. Siku kumi mfululizo alikuwa ameketi karibu na sufuria za Soling baada ya mazoezi. Walizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza na yale maneno ambayo Wahispania waliyaacha kwao wote wawili: hesabu, majina ya siku, glovu, msalaba. Mzee alimweleza kwamba mjini kwake kijana hupigana kila mwezi, mahali pa kufika kwa miguu, shangazi zake wakilipa mlangoni. Aliyepigwa Jumamosi hununuliwa bia Jumapili, ilimradi alipigwa akiwa amesimama. Huku alikuwa ameona vijana wenye mikono ile ile, na miguu myepesi zaidi, wakila mlo mmoja kwa siku na kungoja simu ya kwenda Japani au Meksiko, wapewe wiki mbili za kujiandaa, wapigwe, warudi.

"Kwetu mabondia ni wengi, na kila mmoja ana watu wake," alisema. "Kwenu mnampenda mmoja tu. Wengine mnawapakia kwenye ndege."

Maneno hayo yalimchoma Soling. Akamkumbusha kwamba baadhi ya hao waliopakiwa kwenye ndege walirudi na mikanda ya Kimeksiko viunoni, kwa hizo hizo wiki mbili na nusu tumbo. "Hebu fikiria wangekuwa wameshiba," alimwambia. Mzee alicheka, akaomba bakuli la pili.

Kengele ya kwanza ililia saa kumi alasiri. Ulises Barragán, bondia wa Meksiko, alicheza kama watu wa kwao: kidevu kifuani, mbele tu, akitafuta ini kwa ngumi ya kushoto. Renante Cabusas aliingia na kutoka, akapiga na kuteleza, na kwa raundi tatu ukumbi mzima ulimwimbia. Mwishoni mwa raundi ya nne mkono wake wa kushoto ulifika juu ya jicho la Ulises, na nyusi ikafunguka kama mdomo. Watu elfu tatu walisimama kwa pamoja.

Soling alikuwa na dakika moja, na ukitoa kukaa na kuinuka, ni sekunde arobaini tu. Aliufuta uso mara moja. Akakitafuta kile kimshipa kinachovuja, akakipata, akakikandamiza kwa pamba yenye dawa, kidole gumba kikiegemea mfupa. Hakutazama kitu kingine chochote.

"Nang Soling, huyo si jogoo!" mtu alimpigia kelele kutoka viti vya mbele, akimwita dada kwa lugha ya kwao, na safu nzima ikaangua kicheko. Kila mtu Mandaue alijua kwamba kazi hiyo alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akiwashona majogoo kwenye uwanja wa kuwapiganisha. Mwingine akamuuliza wageni wamemlipa nini, maharage?

Alimpaka Ulises vaselini ndipo akageuza kichwa. "Wewe ulilipa kiingilio uone pambano, au uone daktari?"

Daktari mwenyewe alipanda, akainua kope la Ulises, akatazama, akamtazama Soling, akashuka. Pambano likaendelea.

Katika raundi ya nane ngumi ya Ulises ilimpasua Renante chini ya nyusi. Kengele ilipolia, Soling alimaliza kazi yake mapema, kwa kuwa kidonda cha Ulises kilikuwa kimetulia, na macho yake yakavuka ulingo. Kule, mzuia damu mpya wa Villarba, kijana nadhifu mwenye suti ya mazoezi iliyonyooshwa pasi, alikuwa akifuta. Anafuta, inachuruzika, anafuta tena. Damu ilikuwa ikimwingia Renante jichoni.

"Bonyeza!" Soling alipaza sauti. "Acha kufuta, bonyeza!"

Refa alimnyooshea kidole. Kijana alishtuka, kisha akaweka taulo kando na kubonyeza.

Don Herminio hakuhitaji mkalimani; aliuona mkono wa Soling ukionyesha. Soling akangoja kuambiwa ashuke.

"Senyora," mzee alisema, "maji." Akampa chupa aishike.

Raundi kumi zilikwisha wote wawili wakiwa wamesimama. Majaji wawili walimpa Ulises ushindi, mmoja Renante. Chupa za plastiki zikaanza kuruka ukumbini, na mbili zilimpata Soling begani. Mlinzi alimwambia apitie mlango wa nyuma. Soling alimwambia kwamba aliingia kwa mbele. Akabeba ndoo yake, akapita katikati ya watu bila kuharakisha, aproni ikiwa na damu ya Mmeksiko, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Jumatatu Villarba alitimiza neno lake. Geti la jimu lilikuwa na kufuli, na mlinzi aliyekuwa nyuma yake alikuwa akitazama viatu vyake. Soling hakubishana. Alivuka barabara, akamwomba fundi wa matairi kona ya kivuli, akawasha jiko. Hadi saa saba mchana mteja wake alikuwa huyo fundi peke yake.

Kisha Renante akaja, amevaa miwani myeusi. Alisimama mbele ya sufuria bila kuketi.

"Ningeshinda raundi ya tano, Nang."

"Daktari angekushindia."

"Watu wanasema wewe ndiye uliyempa mkanda."

"Mimi nilimpa raundi sita, Dong, mwanangu. Na wewe nilikupa mbili. Ulizifanyia nini?"

Kicheko kilimponyoka Renante, kikamvuta nyuzi za kidonda, akajishika uso.

Soling alimvua miwani, akakishika kidevu chake na kukigeuzia juani. Nyuzi zilikuwa saba, na ya tatu ilikwenda upande.

"Nani alikushona hivi?"

"Hospitali."

"Keti."

Aliketi kwenye tairi kuukuu. Ng'ambo ya barabara, kwenye madirisha ya jimu, kamba za kuruka zilikuwa zikinyamaza, moja baada ya nyingine, vijana wakija kutazama.