Udongo Ulioshika Moto

Udongo mwekundu wa kisiwa cha Eleuthera, ule wa bondeni unaozaa mananasi mazito, wote ulikuwa wa akina Thurlow, wafanyabiashara wenye merikebu za kuyapeleka Marekani. Wakulima maskini kama Ma Zerviah waliachiwa mlimani, napo mali ya Thurlow, kwenye udongo mweusi wa majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Kina chake kiganja kimoja, chini mwamba mtupu. Alilima kwa nusu: nusu ya mananasi yake, nusu ya Thurlow, ingawa hakuna aliyewahi kumwona Thurlow akishika nusu ya jembe.

Mzee Thurlow alimwahidi kwamba siku moja kile kipande cha mlimani kitakuwa chake. Akafa bila kutimiza, na mlima ukashikwa na mwanawe, Alban, kijana wa viatu vinavyong'aa.

Agosti ile mvua iligoma. Alban akapanda mlimani na nyumbu wake.

"Ma Zerviah, mbona bado pori?"

"Nimeshafyeka, bwana. Nangoja mvua ndiyo nichome."

"Wenzako bondeni wameshapanda."

"Udongo wao mwekundu, bwana. Huu wangu ukiwa mkavu unashika moto."

"Udongo unashika moto!" Alban alicheka mpaka nyumbu akatikisa masikio. "Kesho utaniambia bahari imeota kutu. Sikia, mama. Jumamosi nikikuta hujachoma, namweka mtu mwingine."

Mlimani hata mtoto alijua: unachomeka kidole ardhini kwanza. Kikitoka na tope, choma. Kikitoka na vumbi, rudi nyumbani ukale mbaazi zako. Ijumaa Ma Zerviah alichomeka kidole huku na kule, na kila mahali kikatoka na vumbi. Machipukizi ya mananasi ya kupanda yalikuwa yamelazwa kichwa chini yakauke kidogo, na sasa yalianza kusinyaa.

"Mama, usithubutu," alisema binti yake, Icelyn.

"Basi niambie tutalala wapi."

"Kwa Shangazi Lovinia."

"Lovinia ana kitanda kimoja na ulimi wa watu saba."

Icelyn hakucheka. Ma Zerviah naye aliogopa, aliogopa hasa. Lakini mnyonge hachagui. Alimwomba Mungu, akawasha.

Moto ulikimbia juu ya matawi makavu, ukala, ukashiba, jioni ukazima. Mama akashusha pumzi. "Umeona? Mungu si Thurlow," akamwambia binti yake.

Asubuhi walikuta moshi unatoka ardhini kwenyewe. Icelyn alikanyaga, mguu ukazama kwenye majivu, akapiga yowe. Moto ulikuwa chini, ukitambaa polepole ndani ya udongo, hauna hata mwali wa kuupiga. Walimwaga maji yote ya mtungi, yakafanya chwii, basi. Ya bahari yangeua ardhi kwa chumvi. Ma Zerviah alipiga magoti akachota udongo kwa mikono, akiutia kwenye sketi yake apate kuokoa hata kidogo, akilia, "Mwanangu chota, chota!" Sketi nayo ikaanza kuungua, kwa sababu udongo aliouokoa ulikuwa na moto tayari.

Alban alipofika jioni, mlima ulikuwa mwamba mweupe na majivu.

"Nipe kipande kingine, bwana," Ma Zerviah alisema. "Hata kidogo. Hata kibaya."

"Kingine cha nini? Baba si alikuahidi hiki?" Alban aligeuza nyumbu. "Kichukue, ni chako kuanzia leo. Usije ukasema akina Thurlow hatutimizi ahadi."

Ma Zerviah alisimama, mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko.

"Ahsante, bwana," akasema, maana ndivyo alivyofundishwa kusema anapopewa kitu.