Shingo ya Placide

Mume wangu Placide hakuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo asubuhi aliyoamka kichwa kimeinamia bega la kushoto, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani, mimi nilicheka kwanza. Nilipoona hawezi kukinyanyua, nikaacha.

Yote yaliletwa na heshima. Mwaka ule wa 1964 mama yangu, Agnès, alikimbia vita Kiringye akaja kwetu Kimanga, mjini kando ya ziwa, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, sembuse kulala wakionana. Tukatundika shuka katikati. Mama akapewa kitanda, Placide akajikunja mlangoni, kichwa juu ya kizingiti, miguu chini ya meza. Wiki mbili hivyo. Nilimwambia ataamka kilema, hakunisikia.

Basi nikamtibu, mama akinielekeza kutoka nyuma ya shuka: wembe, chanjo sita ndogo begani, dawa nyeusi ndani yake. Kesho yake shingo ililegea, nami nikajisifu sana.

Sikufikiria, ndiyo aibu yangu. Waasi waliokuwa wameushika mji, wale Simba, nao walichanjwa ili risasi zisiwaingie. Siku ya tatu askari wa serikali waliurudisha mji mikononi mwao, wakapanga wanaume wote barabarani bila mashati, wakitafuta chanjo mbichi. Waliokutwa nazo walipelekwa ziwani, na sote tulisikia milio.

Placide alipovua shati, zile chanjo sita zilionekana wazi. Nilijua ni mkono wangu unaomuua. Askari aligusa lile bega, akamvuta kando ya mstari na kumwekea bunduki ubavuni. Nilisema ni dawa ya shingo. Akanijibu kwamba wake wote leo wana waume wanaoumwa shingo.

Ndipo mama akatoka katikati ya wanawake. Kwa miaka saba alikuwa akipita nyuma ya nyumba ili asikutane na mkwe wake. Sasa alisimama hatua mbili mbele yake, akafungua kitenge, akakishusha mpaka kiunoni. Mgongo, mabega, kifua chake cha uzee, vyote vilikuwa na chanjo, za zamani na za juzi, za maumivu ya safari.

"Miye pia niko Simba?" akamuuliza askari. "Hii iko dawa ya kulala vibaya. Angalia muzuri."

Askari aliangalia, kisha akageuza uso. Akamsukuma Placide na kumwambia avae shati lake aende.

Nilimfunika mama harakaharaka. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ni kwa sababu ya bunduki. Tulipofika karibu na nyumba, akanishika mkono.

"Aliniona?"

Nilimwambia ukweli. Placide alifumba macho mara tu aliposikia sauti yake, na hakuyafumbua mpaka nilipomfunika. Hata sasa alikuwa anatufuata kwa mbali, akitazama chini. Mama aliketi palepale barabarani, akalia kwa mara ya kwanza tangu atoke Kiringye.